Willem Einthoven, mtu aliyechora mapigo ya moyo

Mama, kama umewahi kulazwa kitandani hospitalini, ukabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, halafu mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mstari wa kupanda na kushuka, umeshakutana na kazi ya Willem Einthoven. Kipimo hicho tunakiita ECG, au kipimo cha umeme wa moyo. Wengi wanaokuja kliniki wanakiogopa kwa sababu ya neno hilo umeme. Wanadhani mashine inawapitishia umeme mwilini. Haipitishi. Umeme unatoka kwako wewe, ndani ya moyo wako, na mashine inaupokea tu na kuuchora.

Nakusimulia maisha ya mtu huyu kwa sababu moja. Ukijua alivyohangaika kuupata ule mstari, utaelewa kwa nini daktari mwangalifu hakubali kukupa dawa ya mapigo ya moyo kabla hajauona.

Mama mjane na watoto sita

Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 katika mji wa Semarang, kisiwa cha Java. Leo ni Indonesia. Wakati ule lilikuwa koloni la Uholanzi. Baba yake, Jacob, alikuwa daktari. Willem alipokuwa na miaka sita baba alifariki, na mama yake, Louise, akabaki na watoto sita. Mwaka 1870 alifunga mizigo akahamia nao Uholanzi, katika mji wa Utrecht.

Maandishi mengi yanamtaja mama huyu kwa sentensi moja, kisha yanaendelea na mwanawe. Mimi ninayekaa na wajane kliniki kila wiki, hapo huwa nasimama kidogo. Watoto sita, meli, nchi nyingine, na mdogo wa kumshika mkono. Aliwasomesha.

Willem aliingia Chuo Kikuu cha Utrecht kusomea udaktari kwa fedha za serikali, kwa makubaliano kwamba akimaliza atakwenda makoloni kama daktari wa jeshi. Alikuwa kijana wa michezo, mpiga makasia na mwanachama wa chama cha mazoezi ya viungo. Aliwahi kuanguka mazoezini akavunjika kifundo cha mkono, na alipokuwa anauguza mkono akaanza kuchunguza kiwiko kinavyogeuka, hata akaandika utafiti juu yake. Ndivyo alivyokuwa: kila kitu alitaka kujua kinafanyaje kazi.

Jeshini hakwenda. Mwaka 1885, akiwa na miaka 25, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden, afundishe jinsi mwili unavyofanya kazi. Mwaka uliofuata akamwoa binamu yake, Frédérique, wakapata watoto wanne. Alikaa Leiden mpaka mwisho wa maisha yake.

Zebaki, na mbwa aitwaye Jimmie

Ili twende pamoja, kumbuka jambo hili. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa juu kulia kuna kisehemu kidogo kinachoanzisha cheche ya umeme. Cheche hiyo inasambaa vyumba vya juu, inapita katika njia moja nyembamba ya katikati, kisha inafika vyumba vya chini, navyo vinasukuma damu. Kila pigo unalolihisi mkononi limeanza na cheche.

Kwamba moyo unatoa umeme, wataalamu walikwisha kujua kabla ya Einthoven. Mwaka 1887 huko London, daktari Augustus Waller aliweza kuupima kwa mtu bila kumpasua, akitumia bomba jembamba la kioo lenye zebaki iliyokuwa ikipanda na kushuka. Alipenda kuonyesha jambo hilo kwa kutumia mbwa wake, Jimmie, akiwa amesimama na miguu ndani ya maji ya chumvi. (Miaka ya baadaye kuna waliolalamika hadi bungeni kwamba mbwa anateswa. Maji ya chumvi tu!) Einthoven alimwona Waller akionyesha kipimo hicho mwaka 1889, katika mkutano wa wataalamu mjini Basel, Uswisi.

Waller mwenyewe hakuamini kwamba kipimo hicho kingekuja kutumika sana hospitalini. Einthoven aliona tofauti. Shida aliyoiona ni kwamba zebaki ni nzito na mvivu. Moyo unapiga, umeme umeshapita, zebaki bado inapanda. Mstari unaotoka unakuwa umepondeka. Kwa miaka kadhaa alikaa akifanya hesabu ndefu za kurekebisha mistari ile. Katika hesabu hizo ndipo alipovipa vilima na mabonde ya mstari herufi P, Q, R, S na T. Herufi hizo ndizo daktari wako anazitumia leo.

Kisha akaachana na zebaki kabisa.

Uzi uliotundikwa katikati ya sumaku

Alichukua madini yanayofanana na kioo, akayayeyusha kwa moto mkali, na kuyavuta kuwa uzi kwa kutumia mshale. Mshale unaporushwa, unavuta nyuma yake uzi mwembamba kuliko unywele, hata macho hayauoni vizuri. Uzi huo akaupaka madini ya fedha ili upitishe umeme, akautundika katikati ya sumaku yenye nguvu kubwa. Umeme mdogo wa moyo ukipita kwenye uzi, uzi unasogea. Taa inatupa kivuli cha uzi kwenye kioo cha kupigia picha kinachotembea, na kivuli kinaandika mstari.

Alitangaza mashine hiyo mwaka 1901, na kufikia 1903 alikuwa ameieleza kwa kirefu. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Sumaku ilipata joto kiasi kwamba ilipozwa kwa maji. Mgonjwa alikaa kwenye kiti, mikono miwili ndani ya vyombo vya maji ya chumvi na mguu mmoja ndani ya chombo kingine. Zile nyaya unazobanwa leo kwenye mikono na miguu zinafanya kazi ya vyombo vile vya maji.

Mashine ya uzito huo haiendi wodini. Na mgonjwa wa moyo aliyezidiwa hapandi ngazi za maabara. Kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven aliunganisha maabara yake na hospitali ya Leiden kwa waya wa simu, umbali wa kilometa moja na nusu. Mgonjwa akawa hospitalini, mashine maabara, na mapigo yakasafiri kwenye waya. Leo mtoa huduma wa kituo cha afya anapopiga picha karatasi ya ECG na kuituma kwa daktari bingwa, anafanya jambo ambalo Einthoven alilianza kabla bibi zetu hawajazaliwa.

Mistari ya wagonjwa

Mwaka 1906 alichapisha mistari aliyoipata kwa njia ya ule waya. Hapa ndipo madaktari waliona kwa mara ya kwanza magonjwa ambayo mpaka wakati huo walikuwa wakiyabahatisha kwa vidole na masikio. Mmoja moyo wake ulikuwa ukipiga bila mpangilio wowote. Mwingine alikuwa na mapigo ya ziada yanayoingilia kati. Mwingine umeme wake ulikuwa haupiti kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini.

Wote hao wangekuja kwako wewe mlezi na maneno yaleyale: moyo unanigonga, nasikia kizunguzungu, nimeanguka. Lakini matibabu yao hayafanani hata kidogo.

Nikupe mfano wangu mwenyewe, na si wa kujisifu. Mama mmoja wa miaka 29 alileta mtoto kwa chanjo, akaniambia amechoka sana na kifua kinagonga. Nilishika kiganja chake, nikahesabu sekunde 15, nikazidisha kwa nne, nikaandika 88. Nikamwambia ni uchovu wa kunyonyesha na kukosa usingizi. Wiki mbili baadaye alirudi akihema. Mwenzangu akamhesabu dakika nzima huku akisikiliza kifua kwa kifaa. Moyo ulikuwa unapiga zaidi ya 130, bila mpangilio, na mapigo mengi yalikuwa dhaifu hata hayafiki mkononi. Mimi nilikuwa nimehesabu yale yaliyofika tu. ECG ikaonyesha vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Kumbe utotoni aliugua koo mara kwa mara na viungo kuvimba, na ile homa ya baridi yabisi iliacha kovu kwenye valvu za moyo wake. Tangu siku ile nahesabu dakika nzima.

Vyumba vya juu vikitetemeka, damu inatuama humo na inaweza kuganda. Donge likichomoka likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi, hata kwa mama kijana. Ndiyo maana alipewa dawa za aina mbili, moja ya kupunguza mbio za moyo, nyingine ya kuzuia damu isigande.

Dawa moja, mioyo tofauti

Kuna dawa ya zamani sana ya kupunguza mbio za moyo, digoksini. Asili yake ni mmea wa maua wa Ulaya ambao waganga wa kienyeji wa huko waliutumia. Daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, akionya kwamba ukizidisha kidogo tu unaua. Kwa zaidi ya miaka 100 baada yake madaktari waliitoa dawa hiyo bila kuona mapigo yakoje. Wengine walipona, wengine walikufa, na haikujulikana vizuri kwa nini.

Mashine ya Einthoven ilipofika London mikononi mwa daktari Thomas Lewis, mambo yakaanza kueleweka. Kuanzia 1909 Lewis alionyesha kwamba mapigo yale yasiyo na mpangilio yanatokana na kutetemeka kwa vyumba vya juu. Na dawa ile inapunguza umeme unaopita katika ile njia nyembamba ya katikati. Kwa moyo unaokimbia hivyo ni msaada mkubwa. Kwa mtu ambaye njia hiyo tayari imeharibika na moyo wake unapiga taratibu mno, dawa hiyohiyo inaweza kuusimamisha.

Kwa hiyo usimpe mtu vidonge vyako vya moyo eti naye anagongwa na kifua. Wala usikubali vya jirani. Tunaona hili mara nyingi kuliko unavyodhani, na mara nyingi anayetoa ni dada au shemeji mwenye nia njema.

Kama wewe au unayemlea anatumia digoksini, kutapika, kukosa hamu ya kula, kuona vitu vya manjano au mapigo kuwa ya taratibu sana ni ishara kwamba imezidi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na pakiti mkononi. Dawa kama propranololi na atenololi haziachwi ghafla, maana moyo unaweza kurudi kukimbia kwa nguvu. Na mwenye pumu lazima aseme kabla hajaandikiwa. Wafarini, ya kuzuia damu kuganda, inahitaji kipimo cha damu mara kwa mara, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Ukipanga kupata mimba, au siku zako zikichelewa, njoo mapema tubadilishe mpango. Usiiache mwenyewe nyumbani, kwa sababu kiharusi hakisubiri. Na usiache kunyonyesha wala kuacha dawa kabla hujauliza kuhusu dawa yako hasa. Zipo zinazokubaliana na kunyonyesha na zipo zisizokubaliana.

Else-Marie

Yule mgonjwa ambaye umeme haupiti kwenda vyumba vya chini, Einthoven aliweza kumchora tu. Hakuwa na la kumpa. Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1958 huko Stockholm, Sweden, Arne Larsson, mwenye miaka 43, alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku kwa sababu ya ugonjwa huo. Mke wake, Else-Marie, alisikia kwamba daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist wanafanya majaribio ya kifaa cha kuusukuma moyo kwa umeme. Walimwambia hawana cha kumwekea binadamu. Hakuondoka. Aliwafuata mmoja kisha mwingine, mpaka wakakubali. Tarehe 8 Oktoba 1958 Arne akawekewa betri ya moyo ndani ya mwili, mtu wa kwanza duniani. Ile ya kwanza ilidumu saa chache tu ikafa, wakamwekea nyingine. Katika maisha yake alibadilishiwa betri zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani ya ngozi, si kwa moyo.

Siku hizi betri ya moyo ni ndogo, inakaa chini ya ngozi karibu na bega, na kwa kawaida hudumu miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Hapa Tanzania huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwenye betri anafanya kazi, anapika, anabeba mimba na kulea. Simu asiiweke mfuko wa kifuani, na aseme kila anapopimwa kwa mashine yoyote kubwa. Kuna pia vifaa vya kuushtua moyo unapopiga vibaya kupita kiasi, na kuna tiba ya kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa na kuunguza kisehemu kidogo kinacholeta mapigo mabaya. Lakini hakuna hata kimoja kinachofanywa bila ule mstari kuonwa kwanza.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Habari zilimkuta Marekani, alikokwenda kufundisha. Inasimuliwa kwamba aliporudi alimtafuta fundi aliyemsaidia miaka mingi kuijenga mashine, ili wagawane fedha. Fundi alikuwa ameshakufa. Akawatafuta dada zake wawili, waliokuwa wakiishi kwa shida, akawapa nusu. Alifariki kwa saratani tarehe 29 Septemba 1927, mjini Leiden, akiwa na miaka 67.

Ukienda kupimwa

Usisubiri kliniki ya mwezi ujao kama mtoto au mtu mzima ameanguka na kuzimia akiwa anakimbia, anaogelea au ameshtuka ghafla, au kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla bila sababu. Wengine kati ya hawa hupewa dawa za kifafa, wengine hupelekwa kwa waganga, miaka inapita. Uliza kama ECG imefanyika. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anatoka jasho, amepauka na kifua kinapiga kwa kasi hata huwezi kuhesabu, mkimbize hospitali. Lakini mtoto ambaye mapigo yanaongezeka kidogo akivuta pumzi na kupungua akitoa, kwa kawaida hana shida. Watoto wengi wako hivyo.

Kipimo hakiumi na ni cha dakika chache. Utavua nguo za juu, kwa hiyo beba kanga, na una haki ya kuomba pazia au mhudumu wa kike. Kama moyo unagonga kwa vipindi, ECG inaweza kutoka safi kabisa siku hiyo kwa sababu haukugonga wakati huo. Sema hivyo. Kuna kifaa cha kuvaliwa siku nzima kinachorekodi ukiwa nyumbani. Andika tarehe na saa kila unapogongwa, na ulikuwa unafanya nini.

Karatasi yako ya ECG itunze pamoja na kadi ya kliniki, maana daktari anayefuata atataka kulinganisha. Picha za Einthoven za zaidi ya miaka 100 iliyopita bado zinasomeka, lakini karatasi za mashine zetu nyingi zinafifia zikikaa kwenye joto, na baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, au itolee nakala, na uandike jina na tarehe nyuma.